Ratili Sita za Odner

Siku ile mjinga alikuwa Odner, na mwenyewe hakatai. Nani mwingine angekwenda sokoni mjini Okap, Jumamosi asubuhi watu wamebanana, akiwa amekumbatia mizani kama mtoto mchanga?

Tajiri wake wa duka la mikate alikuwa amechoshwa na mikate inayotoka leo laini, kesho jiwe. "Vipimo vyote vya mamit vigeuze viwe ratili," alimwagiza. Mamit ni lile kopo la bati ambalo Haiti nzima hupimia nafaka. Odner akapima mamit ya mchele nyumbani, akapata ratili sita. Akaandika: mamit moja, ratili sita. Akafunga daftari kama aliyefaulu mtihani.

Ndipo akafika kwa Guerlande, muuza unga. Gauni la manjano, kitambaa cha buluu kichwani, unga umemganda kwenye kope. Odner akasahau alichofuata.

"Kaka, unanunua au unanichora?"

"Nipimie mamit moja ya kuokea mikate, mrembo. Sura hiyo usinipimie, sitaweza kuibeba."

Guerlande akacheka, akajaza kopo, akamwongezea konzi juu kama ilivyo ada. Odner akaupakia kwenye mizani. Ratili nne na kidogo.

"Dada, mbona hazifiki sita? Umebonyeza kitako cha kopo?"

Wala hakunong'ona. Soko lile husamehe mengi, lakini si kopo lililobonyezwa. Wateja waliokuwa wakingoja zamu wakafunga mifuko yao, wakaondoka na habari.

Guerlande hakubishana. Akamwaga unga, akaazima mchele wa jirani, akaujaza kwenye kopo lilelile. Ratili sita kamili.

"Unga umejaa pumzi, mchele umejaa mchele," alisema taratibu. "Mwokaji mzima hulijui hilo?"

Namba yake ya simu Odner aliiomba kwa yule jirani muuza mchele. Wiki nzima akapiga.

"Guerlande, mpenzi, nisamehe."

"Mpenzi wa nani? Unga umenidodea. Nauangalia, unaniangalia."

"Nimekuomba radhi mara saba!"

"Ulinivunjia jina mbele ya soko zima, radhi unaniletea sikioni?"

Odner akasema, "Jumamosi nakuja."

"Maua usilete. Leta mizani."

Akaja, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Akaweka mizani mezani, akapaza sauti: "Jamani, hapa mwizi hayupo! Mjinga yupo, ni mimi!" Akapima unga, akapima mchele, kopo lilelile, kwa kila aliyetaka kuona, mpaka koo likakauka. Guerlande akampa maji, akamfuta unga shavuni, na mkono wenyewe haukuwa na haraka ya kurudi.

"Guerlande, nataka kukuoa."

"Pima kwanza, mpenzi. Watu wanangoja."

Kwa neno hilo moja, Odner akapoteza hesabu.

Wateja wakaanza kurudi, isipokuwa Madan Sentelis, mnunuzi mkubwa kuliko wote. Alisimama mikono kiunoni.

"Kijana huyu anakutaka, Guerlande. Mwanamume akipenda ataapa kuwa kijiko ni pipa. Nimwamini vipi?"

"Mama, siku aliponisingizia hakuwa mtu wangu, wala hakujua tofauti ya unga na mchele, na ulimwamini papo hapo. Leo anajua, na ni mchumba wangu. Fungua mfuko."