Udongo Juu ya Mlango

Siku Kaveke alipofika mji wa Kabati kwa miguu, mtu alikung'uta matope kwenye ngazi ya nyumba ya mama yake kule Kikima.

Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Nduku, huyo mama, alikuwa jikoni akitoa mawe kwenye ndengu. Alisikia buti likigonga saruji, la kulia mara mbili, la kushoto mara moja, kama afanyavyo mtu aliyetoka shambani msimu wa mvua. Bila kuinua kichwa akasema, "Karibu, mlango uko wazi."

Hakuna aliyeingia. Nduku alimaliza ndengu zake, akainjika sufuria, ndipo akatoka kuangalia. Ngazini palikuwa na bonge la matope meusi, mabichi, yenye alama za soli. Mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa tano. Sasa ulikuwa wa tisa.

"Kisilu!" aliita. Mumewe, fundi wa mawe aliyeumia mgongo mwaka juzi, alikuwa ameketi kivulini nyuma ya nyumba. "Umetoka wapi na matope?"

"Matope gani? Mimi hata mate sina."

"Njoo uone."

"Niinuke na huu mgongo nikaone matope? Yaambie yaje yenyewe."

Nduku aliyakwangua kwa jembe akayatupa chini ya mparachichi. Mikononi ilibaki harufu ya mzigo wa mitumba siku unapofunguliwa: ngozi kuukuu, dawa ya nondo, kabati la mtu usiyemjua. Alinawa kwa sabuni mara mbili. Kisha akasahau, kwa sababu ng'ombe alikuwa hajanywa maji.

Kaveke, binti yao, alikuwa na miaka ishirini na sita na diploma ya maabara ambayo ilikuwa imekaa kwenye bahasha miaka minne. Mwezi wa nane alitangaza mezani kwamba atatembea kwa miguu kutoka Kikima hadi Mto Tana, Garissa.

"Kuna basi," Nduku alisema.

"Najua kuna basi, mwaitu," Kaveke alimjibu mama yake.

"Sasa unaenda kufanya nini?"

"Kutembea tu. Nikikaa hapa mwaka mwingine nitakuwa kiti."

Nduku hakubishana. Alikuwa amechoka kubishana na watu wazima. Kaveke akaenda sokoni kwa Musyoka, muuzaji wa mitumba, akarudi na buti za ngozi ya kahawia, imara bado, zilizolainishwa na miguu ya mtu mwingine. Soli ya kulia ilikuwa imeisha kisiginoni, fundi akaibandika kipande cha tairi. "Zimenikubali kabisa," Kaveke alisema akizunguka uani. "Ni kama zilikuwa zinaningoja."

Asubuhi ya safari, baada ya maombi, Kaveke alipopita langoni na kushika njia ya Mbumbuni, Nduku alifanya jambo ambalo akina mama wa kanisa lake wangemsimamisha mbele ya watu kwa sababu yake. Alisubiri Kisilu aingie ndani, akainama langoni, akachota udongo wa alama ya mwisho ya mguu wa kulia wa mwanawe, akaufunga kwenye kipande cha leso kuukuu. Akaupachika juu ya mlango, kati ya boriti na bati. Ndivyo susu yake, yaani nyanya yake, alivyowafungia wanaume waliokwenda kufanya kazi mbali. Wote walirudi, hata wale ambao wake zao hawakuwataka tena. Nduku hakuamini sana wala hakukataa sana. Binti yake alikuwa anapita porini peke yake, na udongo haukuwa na gharama.

Kila siku saa kumi jioni, akikata nyasi za ng'ombe, alipiga simu. Kisha aliandika jina la mahali kwenye kalenda ya ukutani. Mbumbuni. Athi. Kabati.

"Miguu?" ndilo lililokuwa swali lake la pekee.

"Iko sawa, mwaitu. Haina hata malengelenge. Nimeshangaa."

Kesho yake mchana buti liligonga tena ngazini. Mbili, moja. "Karibu," Nduku alisema, kisha akakumbuka, akatoka mbio na mwiko mkononi. Matope mabichi. Ndani ya matope kulikuwa na jani jekundu lenye ncha tano, kama mkono wa mtoto, la mti ambao haukuwahi kuota katika vilima vyao vya Mbooni. Siku iliyofuata vilevile. Alijaribu kunyamaza, lakini mtu aliyelelewa vizuri akisikia mgeni mlangoni mdomo hujibu kabla ya kichwa, na kila siku neno lilimtoka.

"Wewe husikii?" alimwuliza Kisilu kwa sauti ya chini.

"Nasikia." Kisilu hakufanya mzaha siku hiyo. "Nilidhani ni wewe."

Kutoka Mutonguni Kaveke alisema vidole vya miguu vimekufa ganzi. Baridi ya asubuhi, labda. Kutoka Mwingi alisema ganzi imepita kifundo cha mguu. "Jana mwiba ulipita soli ukaingia. Niliuona jioni nikivua. Damu ilikuwa imejaa kwa soksi na sikuwa nimesikia kitu." Alisema hivyo kama mtu anayesoma tangazo la mnada. Hapo ndipo Nduku alipoogopa, kwa sababu Kaveke alikuwa mtoto wa kulia akichomwa hata sindano ya kliniki.

"Rudi nyumbani," alisema.

"Ee. Nitarudi."

Kutoka Nguni, siku ya tisa, sauti ilikuwa ya mbali na bapa. "Mwaitu, nilisahau chupa ya maji pale nilipopumzika. Nikataka kurudi niichukue. Hatua mia hivi. Miguu imekataa kugeuka."

"Imekataa vipi?"

"Imekataa tu. Inaenda mbele. Nikisimama inasimama, nikitaka kugeuka haigeuki. Ganzi iko kwa magoti. Siyo mbaya. Haiumi."

Mchana wa siku hiyo, kabla ya simu, Nduku alikuwa amekuta alama za buti ndani ya nyumba, kwenye sakafu, hatua tatu kutoka mlangoni kuelekea kiti cha Kaveke. Kisigino cha kulia kilikuwa na mistari ya tairi.

Hakwenda kwa mchungaji. Angeanza kueleza wapi? Alikwenda sokoni kwa Ijabo, mama wa Kisomali aliyeuza shuka, mazulia na maziwa ya ngamia, ambaye alimfahamu kwa miaka kumi na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimkuta peke yake dukani. Akafungua mfuko wa nailoni akamwonyesha matope.

Ijabo aliyanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Mimi si mganga, Mama Kaveke. Marehemu mama ndiye alikuwa anaitwa watu wakiona vitu. Ulifanya nini?"

Nduku alimwambia kuhusu udongo.

"Udongo wa nani?"

"Wa mtoto wangu."

"Susu yako alikuwa anachukua udongo wa mguu au wa kiatu?"

Nduku alikumbuka. Wale wanaume wa zamani walitembea miguu mitupu. Udongo wao ulikuwa umegusa ngozi yao. Yeye alikuwa amechota alama ya buti ya mitumba, iliyokanyagwa miaka na miaka na mtu aliyekufa nchi ya matope meusi, mtu ambaye hakuna aliyemfungia udongo ili arudi kwake.

"Umemfungulia njia ya kurudi," Ijabo alisema, akishusha sauti ingawa duka lilikuwa tupu. "Mtu au jini aliyekuwa anakaa ndani ya hiyo ngozi, sijui. Lakini njia uliyofungua ni moja, wa kurudi ni mmoja. Yeye akija, wako anazidi kwenda. Mwambie avue viatu kesho saa sita mchana, aviache hapohapo. Na wewe saa hiyohiyo rudisha udongo pale ulipoutoa. Usimsalimie. Usimwambie pole. Mwambie hukumwita yeye." Akauliza, "Akibisha, huwa unasema nini?"

"Nasema karibu. Mtu akibisha utasema nini?"

"Mara ngapi?"

"Kila siku."

Ijabo alifunga mfuko wa matope, akaufunga fundo la pili. "Udongo unarudishwa," alisema. "Lakini hilo neno karibu, sijui linarudishwa vipi."

Usiku huo Nduku alimpigia Kaveke, akamwambia la viatu na saa. Kesho yake, saa sita kasoro dakika chache, alipanda kwenye kigoda, akatoa kifurushi juu ya mlango. Alikifunga udongo ukiwa mkavu. Sasa leso ilikuwa imelowa, nzito, baridi. Kisilu alitaka kumfuata, akamwambia akae. Akatembea hadi langoni, akachutama mahali palepale, akaanza kufungua fundo, na nyuma yake buti likagonga ngazi, la kulia mara mbili, la kushoto mara moja, naye akauma ulimi mpaka akaonja chumvi, akamwaga udongo chini akisema, "Sikukuita wewe, nilimwita mwanangu," lakini hatua zilikuwa tayari zimeshuka ngazini, ngozi ikilialia kama kitanda cha zamani, zikivuka ua bila haraka, kuku wakigawanyika huku na huku kumpisha mtu, na ile harufu ya kabati la mgeni ikamfikia kwanza, kisha ubaridi shingoni, katikati ya jua lile, na kitu kikasimama nyuma yake kwa muda mrefu kama mtu anayesoma jina kwenye bahasha, halafu kikampita, akaona vumbi la langoni likibonyea lenyewe, alama moja, alama nyingine, kisigino chenye mistari ya tairi, hadi barabarani.

Zilishika njia ya Mbumbuni, ileile aliyoishika Kaveke. Nduku aliliona hilo. Wakati ule lilimtosha kwamba zimeondoka.

Simu ililia kabla hajainuka. Kaveke alikuwa Ukasi, kando ya barabara, na alikuwa anapiga kelele. "Mwaitu, inauma! Nimevua, zimebaki hapo kwa mchanga, na miguu inauma, wooi, inauma yote!"

"Vizuri," Nduku alisema. Akaketi chini vumbini na gauni lake la kazi. "Vizuri. Sasa tafuta gari uje."

Siku mbili zilipita bila ngazi kugongwa. Kisilu alirudia mizaha yake. Nduku alipiga deki nyumba yote kwa dawa, akafua shuka za kitanda cha Kaveke, akachinja jogoo. Simu ya Kaveke ilizimika alipofika Mwingi akirudi, lakini simu huzimika.

Jumapili, saa sita na nusu, alikuwa jikoni aliposikia, "Mwaitu."

Kaveke alikuwa amesimama chini ya ngazi, begi mgongoni, midomo imepasuka, nywele zimejaa vumbi jekundu. Uso ulikuwa wake. Kovu la utotoni juu ya jicho lilikuwa mahali pake. Alikuwa miguu mitupu. Miguu ilikuwa safi na laini, bila lengelenge hata moja, wala alama ya mwiba.

Nduku alingoja apande. Hakupanda.

"Mbona huingii?"

"Hunikaribishi?"

Mwiko ulikuwa bado mkononi mwa Nduku. Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kumwambia huyu mtoto karibu. Mtoto wa nyumba haambiwi. Huingia, hutupa begi, huuliza kuna nini cha kula. Nduku alilijua hilo, na alijua kuwa analijua, na aliutazama ule uso uliochoka chini ya jua. Begi lilikuwa lile alilolishona kamba yeye mwenyewe. Kama si huyu, basi ni nani aliyebaki barabarani, na ni nani angemleta?

"Mama Kaveke, si umwambie huyo karibu," Kisilu alisema kutoka nyuma, sauti imemjaa furaha. "Unamwangalia kama askari wa kanjo anayedai leseni sokoni."

"Karibu," Nduku alisema.

Kaveke alipanda. Kabla ya kuvuka kizingiti alisimama, akagonga mguu mtupu kwenye saruji. Wa kulia mara mbili. Wa kushoto mara moja. Kisha akaingia, akaketi kwenye kiti chake, akala kuku wote aliopakuliwa pamoja na shingo, ambayo hakuwahi kuipenda.

"Miguu?" Nduku aliuliza.

"Iko sawa, mwaitu. Hata siisikii."

Kisilu alicheka, akamwongezea chai.

Nduku alitoka nje. Kutoka langoni hadi ngazini, juu ya vumbi aliloliacha limefagiwa asubuhi, alama zilikuja katika mstari mmoja ulionyooka, pana, zenye mistari ya soli, na kila ya kulia ilikuwa na kipande cha tairi kisiginoni. Alama ya mguu mtupu haikuwepo hata moja.

Ndani, baba na mtoto walikuwa wanazungumza.

Akachukua ufagio wa uani, akaanza langoni, akafagia akirudi nyuma hadi mlangoni. Siku hizi hufagia mara tatu kwa siku, kabla majirani hawajapita.