Hesabu Zote Nane

Mama Pacha alifanyia kazi sebuleni, kompyuta moja mezani. Nyingine saba zilikuwa ofisini, ng'ambo ya mji. Zote nane ziligawana kazi moja: kusoma vipimo vya mto na kutoa ramani ya mafuriko.

Asubuhi hiyo mto ulikuwa umefura. Ramani ilitakiwa kabla ya saa sita, watu wa bondeni wajue wahame au wabaki. Mama yake mzazi aliishi huko huko. Na kazi ilikuwa imekatika mara tatu!

"Inasema mafaili yaliyo wazi yamezidi," alilalamika. "Nimehesabu, ni arobaini tu. Jamani!"

"Izime, uiwashe," alisema mumewe, fundi cherehani.

"Baba Pacha, hata redio unaitibu hivyo hivyo."

Jirani yao, fundi wa kompyuta aliyeitwa Waya, alikuwa amefuata gauni lake. Alicheka.

"Shoga, umehesabu kwenye mashine ipi?"

"Hii hapa."

"Lo! Umemkagua chawa mtoto mmoja, wenzake saba umewaacha. Kila mashine ina hesabu yake na kikomo chake. Hesabu zote."

Mama Pacha akaziingia moja moja kupitia mtandao. Arobaini. Arobaini na moja. Ya tano: elfu moja na ishirini na nne! Hapo ndipo kikomo.

"Maskini mimi! Hii iliharibika juzi, nikairudishia programu ya zamani."

"Basi hiyo inafungua faili, inasoma, inakwenda kwa jingine bila kulifunga la kwanza. Kama mumeo na droo zake."

Wote wakageuka. Droo za nyuzi zilikuwa wazi, zote. Baba Pacha akakohoa.

"Si niongeze kikomo tu?" aliuliza Mama Pacha.

"Yatajaa tena. Ndoo ikivuja, huongezi maji. Unaziba."

Mama Pacha akaweka programu mpya, ile inayofunga kila faili ikishasoma. Akaianza kazi upya, akahesabu mashine zote nane. Hakuna iliyopita hamsini. Saa tano na nusu ramani ikatoka. Mtaa wa mama yake ulikuwa mwekundu, rangi ya kuhama. Akampigia simu.

"Mama, toka sasa hivi!"

"Nimeinjika chungu, mwanangu."

"Kiache, mama! Nakuomba!"

Alasiri maji yalifika madirishani, lakini mtaa ulikuwa mtupu. Bibi alikuwa sebuleni kwa binti yake, mkavu, akitazama huku na huku.

"Nani kaacha droo wazi?" aliuliza.

Baba Pacha aliinuka, akazifunga moja moja, mpaka ya mwisho.