Buti Alizovishwa Babu

Wa kwanza kuisikia ile harufu alikuwa shangazi, na shangazi hana tabia ya kunyamazia harufu.

"Nani kapaka viatu dawa humu ndani?" aliuliza, mwiko mkononi, pua juu. "Sebule nzima inanuka kambi ya jeshi!"

Nyumba ile haikuwa na kiatu cha kupakwa dawa. Baba, tangu astaafu, alikuwa mtu wa ndala. Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikwenda kazini na raba na kurudi na raba. Shangazi akafungua madirisha, akawalaumu majirani kama kawaida yake, akarudi jikoni. Fundi alibaki amesimama mbele ya ukuta, akiitazama picha aliyoitundika asubuhi ile ile. Harufu ilitoka kwenye picha. Kosa lilikuwa lake, na alilijua.

Kazi ya Fundi ilikuwa kufufua picha za zamani. Watu walimletea nyuso zilizoliwa na mende, maharusi waliopasuka katikati, watoto walioota ukungu mashavuni, naye kwa brashi na wembe mwembamba akawarudisha duniani. Picha hii ilikuwa ya babu yake baba, ya pekee iliyobaki: mwanamume aliyesimama kando ya kiti, nguo za kaki, kofia kichwani, sehemu ya chini yote imefunikwa na ukungu.

Baba alikuwa tarishi wa ofisi maisha yake yote. Alibeba mafaili ya wakubwa kutoka ghorofa hii hadi ile, na kila walipomtania pale kwa kinyozi alikuwa na jibu moja tu. "Mimi nichekeni, lakini babu yangu alishika bunduki." Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, daktari amemkataza ngazi, na alikuwa na ombi.

"Mwanangu, nisafishie ile picha. Halafu nitafutie alikuwa kikosi gani. Nikishajua, hata nikifa nitakufa nimetulia."

Fundi akaisafisha, akaiweka chini ya lenzi. Kikosi hutambulika kwa vitu vidogo: beji ya kofia, vifungo, bizimu ya mkanda, nembo ya begani. Alivitafuta vyote, hakuona hata kimoja. Alichokiona ni kibati cha mviringo chenye namba, kimening'inia shingoni kwa kamba, na chini kabisa, ukungu ulipotoka, miguu mitupu iliyopasuka visigino. Akalinganisha na picha za kitabu cha vita alichoazima maktaba. Vibati kama vile walivaa wapagazi, wale waliobeba masanduku ya risasi na magunia ya unga nyuma ya askari mpaka wengine wakaangukia njiani. Babu hakushika bunduki. Alibeba za wenzake.

Angemwambia baba tu, na yangeisha. Lakini alimfikiria pale kwa kinyozi, alifikiria vicheko, akaona hawezi. Akajifungia studio. Kanuni ya kwanza ya kazi yake ni kutogusa picha kabla ya kutoa nakala, na siku hiyo hakutoa, kwa sababu nakala ingekuwa shahidi. Akachukua wembe akakikwangua kile kibati. Akaikwangua na miguu, kidole kwa kidole, mpaka karatasi ikabaki nyeupe, maana rangi haishiki vizuri juu ya picha yenyewe. Kisha akamchorea babu vifungo, akambandika beji ya nyati kofiani, akamvisha buti nyeusi zinazong'aa.

"Kikosi cha Nyati, baba," alimwambia. "Walikuwa mstari wa mbele."

Baba alilia machozi. "Nilijua," alisema. "Nilijua hatukutoka patupu." Fundi akacheka naye, asimtazame machoni.

Hatua zilianza baada ya ile harufu, tena mchana kweupe, saa zile watu wameshiba na mtaa umetulia. Fundi alikuwa chumbani anakunja nguo aliposikia buti ukumbini. Ko. Ko. Kisha kitu kikaburutwa. Shangazi akaingia bila kubisha, kanga ameishikilia kifuani, na uso wote umemshuka.

"Fundi," alinong'ona. "Kuna mtu ukumbini."

"Ni baba, shangazi."

"Baba yako namsikia anakoroma. Usinifanye mtoto."

Wakasimama bega kwa bega nyuma ya mlango, wakisikiliza zile buti zikienda na kurudi, zikienda na kurudi, mwendo wa mtu anayechechemea kwa viatu visivyo saizi yake, na kila zilipopita mlangoni harufu ya dawa ya viatu ilipenya chini ya mlango ikiwa imebeba harufu nyingine ndani yake, harufu ya kidonda kilichofungwa kitambaa siku nyingi bila kufunguliwa, mpaka shangazi akajiziba pua na mdomo kwa pamoja na Fundi akaanza kuomba kimoyomoyo, si kwamba kitu kile kiondoke, bali kwamba shangazi asimuulize neno. Zikasimama mbele ya chumba cha baba. Hazikuondoka tena.

Kesho yake miguu ya baba ilikuwa imevimba. Daktari alipima sukari, hakuna. Akapima damu, inapita vizuri. Akaandika vidonge vya maumivu, akasema wamrudishe hali ikizidi. Ikazidi. Vidole vikawa vyeusi, ngozi ya juu ikaning'inia, na kifundoni ukajichora mstari mwekundu, sawasawa pale ambapo shingo ya buti huishia.

"Vinabana," alisema baba.

"Nini, baba?"

"Viatu. Nivue, mwanangu."

Miguu ilikuwa mitupu juu ya shuka. Hata hivyo Fundi alipiga magoti, akanyoosha mkono ili kumtuliza tu, kama mtu anavyomdanganya mgonjwa wa homa, na kabla vidole vyake havijaifikia ngozi ya baba vikagusa kitu kingine, ngozi ya mnyama, baridi na ngumu, na juu yake kamba zilizolowa ambazo macho yake hayakuziona. Alifungua fundo la kwanza, akafungua la pili, na alipofika la tatu akahisi lile la kwanza likijifunga lenyewe chini ya mkono wake, taratibu, kwa ustadi, kama linavyofungwa na mtu mwenye haraka ya safari, na baba akapiga ukelele uliomtoa shangazi jikoni.

"Hii si ya hospitali," alisema shangazi. Hakusubiri ajibiwe. Akatoka na ndala moja.

Mganga aliyerudi naye alikuwa mama mfupi, mkoba begani, miwani ya kusomea imefungwa uzi shingoni. Hakuwa na mbwembwe. Alichoma ubani, akakaa kitandani kando ya baba, akamshika kifundo cha mguu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, mgeni. Sema shida yako."

Mdomo wa baba ukafunguka. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya kijana, tena kijana aliyechoka.

"Nilitembea vita nzima bila viatu," ilisema. "Sikuomba. Buti hizi nazijua. Ndizo walizonipigia mbavuni kila nilipoanguka na mzigo. Nani kanivisha?"

Shangazi alishikilia kabati. Mganga hakugeuza shingo.

"Aliyemvisha yumo humu," alisema. "Na aseme mwenyewe. Amwambie yule aliyemdanganya, uso kwa uso. Asiposema, mzee hafiki kesho."

Fundi alitazama kitandani. Macho ya baba yalikuwa yamerudi kuwa ya baba, yenye majimaji, yanamtafuta. Hakuwahi kutamani kitu kama alivyotamani wakati ule ardhi impasukie.

"Ni mimi, baba," alisema. "Babu hakuwa askari. Alikuwa mpagazi. Nilikiona kibati chake nikakifuta. Beji nilichora mimi. Na buti. Niliogopa watakucheka."

Kisha baba akafanya jambo ambalo Fundi hakulitegemea. Alicheka, kicheko kidogo cha kifuani.

"Mpagazi," alisema. "Na mimi tarishi. Kumbe kubeba ni kazi ya ukoo." Akakohoa. "Ungeniambia tu, mwanangu. Ningempenda hivyo hivyo."

Hayo ndiyo maneno yaliyomvunja Fundi. Angetukanwa angeweza kuvumilia. Alilia mpaka mganga akamgusa bega.

"Utalia baadaye. Sasa mvue."

Fundi akaishusha picha ukutani, akaitoa kwenye fremu. Kwa pamba na maji ya uvuguvugu alianza na beji, akaja kwenye vifungo, akamalizia na buti, na rangi ikaondoka kirahisi, ikiacha weusi kwenye pamba. Kitandani uvimbe ulikuwa unapungua wakiuona kwa macho. Ule mstari mwekundu ukafifia. Harufu ikatoka dirishani. Baba akashusha pumzi ndefu, shangazi akamshukuru Mungu kwa sauti, na mganga akaanza kufunga mkoba wake.

Ndipo akavaa miwani, akainama kuitazama picha.

"Na miguu yake iko wapi?"

Fundi naye aliinama. Chini ya suruali ya babu palikuwa na weupe mtupu wa karatasi.

"Niliikwangua," alisema. "Kabla ya kuchora."

"Basi irudishe."

"Siwezi. Sikutoa nakala."

Mganga alivua miwani. Alimtazama Fundi, akamtazama mzee kitandani, halafu akakaa chini pale pale sakafuni, mkoba mapajani.

"Fundi," aliita baba, sauti yake nyepesi, ya mtu aliyepona. "Niletee hiyo picha nimwone. Au hapana, nisaidie nisimame, nitakuja mwenyewe." Alijisukuma, akaketi, akatupa shuka. Miguu yake ilikuwa mizima, safi, rangi yake. Aliitazama. Akaitazama tena.

"Mbona siisikii?"

"Imekufa ganzi tu, kaka," alisema shangazi haraka.

"Nishike vidole, mwanangu."

"Nimeshika, baba."

"Shika, basi."

"Nimeshika," alisema Fundi, na akavibana kwa nguvu zake zote, mpaka kucha zikamwingia mzee na damu ikatoka, huku baba akimtazama akingoja kushikwa, na huko ukumbini, ambako hapakuwa tena na buti, kitu kizito kikaanza kujivuta sakafuni kwa viwiko, polepole, kikiifuata sauti ya Fundi.