Mikanda ya Ndege Iliyobaki

Rafiki yangu ni fundi wa ndege, mtu asiyejua kutia chumvi. Ndege moja kuukuu ya mizigo ilipoanguka na kuua wote waliokuwamo, bosi wake alimtuma aikague ndege pacha yake iliyobaki, aseme kama itaruka tena au ikatwe iwe chuma chakavu. Hadi leo hajatoa jibu.

Aliingia mchana kweupe, lakini tumbo la ndege ile halina madirisha. Ndani ni giza totoro. Mizigo ilikuwa imeshashushwa yote. Amepiga magoti mkiani, anamulika ufa kwa tochi, mara akasikia nyuma yake: krr, krr, krr. Mtu anakaza mkanda wa mizigo.

"Shemeji, acha utani!" aliita, maana msaidizi wake ni kaka wa mkewe.

"Utani gani? Mimi niko huku nje!"

Krr, krr. Mkanda wa pili. Kisha wa tatu, karibu zaidi. Tochi ikamponyoka, ikazimika. Alitambaa akipapasa ukuta, mpaka akajitupa nje mlangoni.

Shemeji alimcheka, akachukua taa kubwa, akapanda. Kicheko kikakatika.

"Hebu njoo uone," alinong'ona.

Mikanda yote ilikuwa imekazwa sakafuni, lakini katikati imeinuka, kama imezunguka mzigo mkubwa. Shemeji akapitisha mkono chini ya mmoja. Hapakuwa na kitu. Akauweka mkono juu ya mkanda, akaukandamiza kwa uzito wake wote.

Haukubonyea.