Kompyuta Nzito ya Shangazi Kaloline

Kila asubuhi Kaloline aliwasha kompyuta yake, kisha akaenda kulisha nguruwe. Aliwamwagia maganda ya viazi vikuu, akafagia uwanja, akanawa uso. Akirudi sebuleni, mashine bado inajikongoja. Aliipata kutoka shule ya Kolovai, waliponunua nyingine mpya. Ilikuwa nzito kuliko jiwe la kusagia, lakini aliipenda hivyohivyo, kwa sababu humo ndimo alimomwona Latu.

Latu alikuwa mdogo wake wa kiume, naye aliishi Auckland, New Zealand. Hakuweza kurudi Tonga hata baba yao alipofariki, maana mwaka ule mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona. Kaloline alikuwa amempiga baba picha zaidi ya mia mbili katika siku zake za mwisho. Zote zilikuwa ndani ya kompyuta.

"Siwezi kuzitazama sasa, dada," Latu alimwambia. "Nitunzie. Nikiwa tayari nitakwambia."

Sasa Latu alikuwa amepata mtoto wa kiume, baada ya kungoja miaka kumi na mmoja. Na Watonga wana mila yao: anayempa mtoto jina ni shangazi yake. Haki hiyo hapokonywi na mtu. Jumapili, baada ya ibada, jamaa wote wa Auckland wangekusanyika mbele ya skrini kumsikiliza shangazi.

Lakini kila walipopigiana simu ya video, uso wa Latu uliganda, mdomo wazi, kama samaki wa sokoni. Simu ya mkononi ya Kaloline ilikuwa ya vitufe, haina msaada.

"Kompyuta yako imejaa," binamu yake Hopoate alimwambia. "Futa picha, itapata pumzi."

Basi Ijumaa mchana Kaloline aliketi, akaanza kumfuta baba yake. Baba anakula samaki. Akafuta. Baba amelala, mkono shavuni. Akafuta. Baba amevaa miwani juu chini, anacheka. Hapo alisita kidogo, akafuta. Alipofika picha ya arobaini alikuwa analia kwa sauti.

Jirani yake Pisila alisikia, akaingia mbio. Pisila alikuwa fundi wa kompyuta za shule.

"Dada Kaloline! Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nafuta picha za baba."

"Zimekukosea nini?"

"Zinaipa mashine uzito. Hopoate kasema."

"Hopoate! Si ndiye aliyeosha redio kwa sabuni?" Pisila akavuta kiti. "Hebu acha. Usiguse hata moja zaidi."

Kwanza alipima intaneti. Haikuwa na tatizo. Kisha akafungua ukurasa wa diski. Nusu yake ilikuwa tupu. Mwisho akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, Ctrl, Shift na Esc, ukatokea ukurasa wenye namba.

"Soma hapa. Memori imetumika kiasi gani?"

"Asilimia tisini na sita."

"Huyo ndiye mwizi wetu. Sasa niambie. Ngatu zako zikikamilika unaziweka wapi?"

Ngatu ni vitambaa vya magome ya mti, na kwa kazi hiyo Kaloline alisifika wilaya nzima. "Chini ya kitanda," alijibu.

"Zikijaa huko chini, kazi yako mezani inachelewa?"

"Kitanda na meza, wapi na wapi?"

"Na meza ya kuungia magome ikiwa fupi?"

"Uwiii, hapo ni balaa! Unaunga kipande, unakunja, unavuta kingine, unakunjua. Siku nzima kunja kunjua, na kitambaa hakijafika popote."

"Basi ndivyo ilivyo mashine yako. Diski ni chini ya kitanda. Picha za baba zimelala humo, hazimsumbui mtu. Memori ndiyo meza ya kazi, na meza yako ni fupi mno. Ukiita video, inashinda inakunja na kukunjua. Ndiyo maana Latu anaganda."

Kaloline aliinamisha kichwa. Akatazama mikono yake.

"Pisila, arobaini nimeshazifuta."

"Pipa umelimwaga?"

"Pipa gani?"

Pisila alifungua pipa la taka la kompyuta. Picha arobaini zilikuwa zimekaa humo, hazijaguswa. Alizichagua zote, akabonyeza neno la kurudisha. Baba akarudi na miwani yake juu chini. Kaloline alimkumbatia Pisila mpaka mwenzake akaomba aachiwe apumue.

"Sasa tuongeze meza," Pisila alisema. "Lakini memori hainunuliwi kwa kukisia. Kwanza tuone mashine inakula nini."

Walizima kompyuta, wakachomoa waya wa umeme, wakafungua ubavu wake. Pisila akamwonyesha kugusa bati la ndani kwa mkono mtupu, ili umeme mdogo wa mwilini usiunguze kitu. Ndani kulikuwa na vumbi tele na mayai mawili ya mjusi. Waliyatoa, wakapangusa vumbi kwa brashi laini. Kipande cha memori kilikuwa kimeandikwa DDR3, yaani kizazi cha tatu, gigabaiti mbili. Kando yake palikuwa na nafasi tupu. Pisila akatafuta jina la mashine kwenye simu yake.

"Inakubali mpaka gigabaiti nane. Na mfumo wako ni wa biti sitini na nne, vizuri. Ungekuwa wa thelathini na mbili, usingeweza kutumia zaidi ya nne. Kesho asubuhi twende mjini. Jumapili hapa ni siku ya mapumziko, hata bisibisi hailii."

Jumamosi, katika duka la vifaa vilivyotumika huko Nukualofa, muuzaji alitoa kipande kinachong'aa. "Mama, chukua hii DDR4. Mpya zaidi, kali zaidi."

Kaloline aliigeuza, akaisoma. "Mwanangu, yangu ni tatu. Ya nne haiingii. Na nataka za kompyuta ya mezani, si zile fupi za kupakata. Nipe mbili, gigabaiti nne kila moja. Zikikataa nazirudisha, sawa?"

Pisila alitazama dari ili asicheke. Vipande vyote viwili viligharimu paanga themanini. Kompyuta mpya ingekula paanga elfu mbili.

Nyumbani Kaloline alichomoa kile cha zamani, akavipachika vipya mwenyewe. Alilinganisha pengo la kipande na jino la nafasi yake, akasukuma. Akawasha. Mashine ikalia pii, pii, pii, na skrini ikabaki nyeusi.

"Nimeiua!"

"Hujaiua. Kimoja hakijakaa. Zima, chomoa waya, sukuma tena mpaka vishikizo vya pande zote mbili vilie ta."

Alisukuma. Ta. Ta. Akawasha, na hata kabla hajainuka kitini, jina lake lilikuwa limetokea kwenye skrini. Alipiga kigelegele, nguruwe wakakimbia.

Jumapili mchana Latu alitokea kwenye skrini, na mdomo wake ulikwenda sawasawa na maneno yake. Nyuma yake sebule ilijaa watu. Mtoto alikuwa kifuani kwake, amefungwa shali nyeupe.

"Dada, leo nakuona mpaka mvi!"

"Zihesabu, zote umenipa wewe." Kisha sauti yake ikashuka. "Latu, uko tayari?"

Latu alielewa. "Niko tayari."

Kaloline alifungua picha ya miwani, akabonyeza kama Pisila alivyomfundisha, ili nao waione. Hakuna kilichoganda. Latu alicheka, kisha akalia, mbele ya watu wote, na hakuona haya.

"Shangazi, jina!" watu wakaita.

Kaloline alikuwa ameandaa hotuba ndefu. Yote ilimtoka kichwani. Skrini ilikuwa na baba upande mmoja na mtoto upande wa pili.

"Anaitwa Fineasi, kama baba yetu," alisema. "Mgeuze, Latu. Amwone babu yake."

Latu akamgeuza mtoto.