Odowa Ilikuwa ya Nani?

Kila Jumamosi Aoko alichota maji, akafagia uwanja, kisha akashika njia ya soko la Pap Onditi kununua odowa, yale mawe laini ya udongo ambayo wajawazito hupenda kuyatafuna. Alikuwa amefunzwa jibu la kumpa kila aliyeuliza: "Ni ya mama."

Uongo huo ulizaa mwingine. Milka, muuzaji wa odowa, alieneza habari, na wanawake wakaanza kumpongeza Mama huku wakilitazama tumbo lake lililokuwa bapa kama sinia. Mama alicheka kinyonge tu. Odowa ilikuwa ya Lornah, dada yake Aoko, mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye umri wa miaka kumi na sita. Aliyempa mimba alikuwa ameingia mitini. Baba yao, Mzee Obiero, alimfungia Lornah katika nyumba ya marehemu nyanya yao nyuma ya migomba, majirani wasimwone. Hakupelekwa kliniki hata siku moja. Mzee alilinda jina lake kanisani kuliko alivyomlinda mwanawe, na hapo ndipo alipopotoka.

Jumamosi moja Aoko alimkuta dada yake amevimba uso, na miguu imejaa hata kandambili hazimwingii. Lornah alisema kichwa kinampasuka, na kila akitazama mlangoni anaona vimulimuli. Mama alisema labda ni kulala sana, lakini sauti yake ilitetemeka. Akamtuma Aoko akimbie kuleta odowa, huenda ikamtuliza.

Aoko alikimbia, moyo juujuu. Alifika sokoni akashindwa kusimama kwa Milka. Alipitiliza hadi zahanati, akamweleza muuguzi, Sista Agneta, kwamba mama yake ni mjamzito, amevimba uso, kichwa kinamuuma na anaona vimulimuli.

"Mama yako ana miaka mingapi, nyathina, mwanangu?" Sista aliuliza.

Aoko aliwaza kiboko cha Baba. Kisha akauwaza uso wa Lornah.

"Si mama," alisema, machozi yakimtoka. "Ni dada yangu. Ana kumi na sita. Baba alisema tusiseme."

Sista hakumkaripia. Alimwomba Oketch, mchuuzi wa samaki, awapeleke kwa pikapu yake. Walimkuta Baba amesimama langoni. Alisema mambo ya nyumba yake hayamhusu mtu, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Mzee, sikuja kuzoa maji. Nimekuja kuchukua mtoto," Sista alisema. "Hizo ni dalili za presha kupanda. Mwili wa msichana huyu bado unakua, na mimba humwelemea kuliko mtu mzima. Akipata kifafa cha mimba hapa, utazika wawili. Hao utawaficha wapi?"

Mama, ambaye hakuwahi kumpinga mumewe, alimpita na kwenda kumshika Lornah mkono. Baba aliwafuata, akambeba binti yake mwenyewe hadi kwenye gari.

Huko hospitalini Kisumu Lornah alifanyiwa upasuaji. Mtoto wa kike alizaliwa kabla ya wakati, mdogo mno, akawekwa kwenye mashine ya joto. Kwa siku kadhaa Lornah hakujitambua, na Baba hakutulia, mara aketi, mara azunguke nje ya wodi. Siku Lornah alipofumbua macho na kumwita, Baba alilia mbele za watu.

Sista Agneta alipokuja kuwatazama, aliwaambia wazazi hao kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Aliwasihi wazungumze na mabinti zao mapema, kabla walimwengu hawajawafundisha. "Na msichana akipata mimba, mpelekeni kliniki upesi," alisema. "Hasira inaweza kungoja. Mimba haingoji." Baba aliitikia, akaahidi kwenda kwa mwalimu mkuu kumwombea Lornah nafasi ya kurudi shuleni.

Waliporudi nyumbani wote, Mama aliandamana na Aoko sokoni. Milka alimtazama tumbo, akauliza mtoto yuko wapi. Watu walikuwa wengi. Aoko alishika leso ya Mama kwa nguvu.

"Mtoto ni wa Lornah wangu," Mama alisema, bila kuinamisha kichwa. "Nilimficha, nusura nimpoteze. Wewe pia una wasichana, Milka. Ongea nao leo."