Njaa ya Kilele cha Kagari

Haya yalimpata Chizuru, karani wa posta, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Na mimi si mtu wa kuzua mambo.

Jumamosi ile ya Novemba, majani ya msituni yalikuwa yamegeuka mekundu milima yote. Siku hiyo zilikuwa mbio za milimani, kilomita mia moja, kupanda na kushuka. Miaka miwili mfululizo lango la mwisho lilifungwa Chizuru akiwa bado njiani. Mumewe alimcheka: "Bibi mzima, unashindana na nyani!" Chizuru alikuwa na miaka hamsini na minane, akaapa kwamba safari hii akishindwa, viatu anavitupa.

Kwenye kituo cha chini ya kilele cha Kagari walikuwa wakiwagawia wakimbiaji matonge ya wali yaliyofungwa kwa karatasi. Bi Tome, ajuza mwenyeji wa pale, alimshika mkono.

"Mwanangu, bakisha japo kidogo," akamnong'oneza. "Huko juu kuna waliokufa njaa. Usipite mikono mitupu."

"Sawa, mama," Chizuru akajibu, huku anaondoka.

Lakini Chizuru alilelewa kama sisi sote: ukiacha punje ya wali, utapofuka macho. Alikula akitembea. Akalamba vidole, akabandua hata punje iliyonata kwenye karatasi. Ndivyo tulivyofundwa, na mazoea yana tabu.

Saa saba mchana akafika kileleni. Ukungu ukashuka. Njaa! Si njaa ya mkimbiaji, hapana. Mate mazito yenye ladha ya kutu yakamjaa kinywani. Aligeuka aombe msaada. Nyuma hapakuwa na mtu.

Ndipo akasikia uvundo. Kando ya njia, chini ya majani, kulikuwa na kitu kilichooza. Laini. Kina nywele. Kinachezacheza kwa funza. Aliona kinyaa mpaka machozi yakamtoka. Mkono wake ukaenda.

"Kula," sauti ikanong'ona shingoni pake. "Tule."

Akala. Loo! Funza wakampasukia menoni. Akatapika. Akayala na matapishi. Nguvu zikamrudia papo hapo, na lililomchukiza kuliko yote ni hili: kilikuwa kitamu.

Alikimbia kama aliyekatwa kamba. Akapita lango zikiwa zimesalia dakika nne. Watu walishangilia, mumewe akalia kwa furaha. Msichana wa medali alimsogelea, akasita, akamvisha huku ameziba pua.

Alhamisi jino likamuuma. Daktari wa meno alichokonoa katikati ya magego, akavuta, akakiweka alichokitoa kwenye kisahani. Ulikuwa ukucha wa binadamu, mzima, mdogo. Chizuru akatazama vidole vyake. Kucha zote kumi zilikuwepo.

"Mama, hiki umekila wapi?" daktari akauliza kwa sauti ya chini, akageuka kuchukua pamba.

Alipogeuka tena, kisahani kilikuwa kitupu. Chizuru alikuwa anatafuna.